Wanafunzi wa ng'ambo wenye kuja kujitolea kwa majuma 8: ni nani anasaidia nani?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 6 mupaka mwezi wa 8, viwanja vya ndege vya Entebbe, Kigali, Nairobi na Kilimanjaro vinapokea vijana wengi wenye kubeba mifuko mikubwa ku mugongo. Wengi wako na miaka 19, 20 ao 21. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, Kanada, Uingereza na inchi zingine za Ulaya. Hawakuja tu kuangalia nyama za pori. Chuo kikuu chao kimewatuma kufanya kazi ya kujitolea: kufundisha watoto, kutengeneza mashine za hospitali, kusaidia kikundi cha wamama wakulima, ao kupangia shirika fulani makaratasi yake.

Wachache sana wanavuka mupaka kuingia mashariki ya Kongo. Hata hivyo, habari yao inagusa wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema na Tanganyika. Familia nyingi ziko na ndugu mu kambi za Uganda na Tanzania, na kule wageni wa namna hiyo wanajulikana. Mashirika madogo ya hapa nayo yanatafuta marafiki wa ng'ambo, na rafiki wa kwanza mwenye kujibu mara nyingi ni chuo kikuu. Tena vijana wenye kusoma iniversite mu Bukavu, Goma, Bunia ao Butembo wako na ulizo lao: kama mwanafunzi wa Marekani anaweza kuvuka bahari kuja kusaidia, juu ya nini wa huku hawezi kuenda kule?

Mbele ya kusifu ao kulaumu, inafaa kuangalia namna mipango hiyo inatembea kweli: feza inatoka wapi, nani anaamua kazi, na kitu gani kinabakia wakati kijana amerudia kwao.

Mupango mumoja mukubwa: mufano wa Duke

Chuo Kikuu cha Duke kiko Durham, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mu mwezi wa 2 mwaka wa 2007 kilitangaza mupango wenye jina DukeEngage. Feza ya kuanzia ilikuwa dola milioni 30. Nusu ilitoka kwa The Duke Endowment, mufuko wa zamani wa familia yenye ilikipa chuo jina lake. Nusu ingine ilitoka kwa mufuko wa Bill na Melinda Gates. Melinda mwenyewe alisoma Duke. Mu 2008 mupango ulianza kwa nguvu zote.

Sheria zake zilikuwa wazi. Mwanafunzi anajitolea kwa muda wa majuma 8 ao zaidi, bila kukatisha. Halipi kitu: tikiti ya ndege, malazi na chakula vinalipwa na mupango. Na kwa mwanafunzi wa familia masikini, kulikuwa jambo lingine la akili: mwanafunzi wa namna hiyo anategemewa kutumika wakati wa likizo kusudi apate feza ya masomo. Akienda kujitolea, feza ile inapotea. Kwa hiyo mupango ulikuwa unajaza shimo lile.

Hapo kuko somo la kwanza. Watu wengi wa huku wanafikiri kama "kujitolea" maana yake ni kazi bila feza. Hapana. Hakuna kujitolea bila feza. Kuko tu mutu mwenye kulipa, na mara nyingi haonekane. Kwa Duke ni mufuko mukubwa. Katika kampuni za biashara zenye kupanga safari za kujitolea, mwenye kulipa ni kijana mwenyewe ao wazazi wake, na kampuni inabakia na faida. Tofauti hiyo si ndogo. Mwenye kulipa njo mwenye kutaka kufurahishwa. Kama kijana ndiye mununuzi, kampuni itatafuta kazi yenye inamufurahisha yeye, si kazi yenye mugini unahitaji. Ndiyo maana shule zinapakwa rangi kila mwaka, na sinki ya maji inabakia kupasuka.

Hata kwa chuo kikuu chenye kulipa vyote, kusudi la kwanza ni masomo ya mwanafunzi wake. Duke haikuficha jambo hilo: mupango ulipangwa kusudi kijana ajifunze dunia, arudie na macho mengine, na aunganishe masomo ya darasani na maisha ya watu. Hiyo si zambi. Lakini mwenye kupokea anapaswa kujua kama yeye pia iko mwalimu katika masomo hayo, na mwalimu anakuwaka na haki zake.

Muhuru Bay: masomo yenye yanatembea hata wageni wakikosa

Muhuru Bay ni fasi ya wavuvi, ku kando ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Migori, Kenya, karibu kabisa na mupaka wa Tanzania. Mutu wa Minova, wa Kalemie ao wa Kasenyi angeijua kwa siku moja: mitumbwi ku mwambao, samaki wenye kuanikwa, wamama wenye kungojea wavuvi asubui. Kule pia kuko desturi mbaya yenye Wajaluo wanaita jaboya: mama mwenye kuuzisha samaki anaombwa mwili wake mbele ya kupewa samaki. UKIMWI ulipata njia pana hapo, na wabinti wengi walikuwa wanaacha masomo kwa sababu ya mimba.

Mwalimu wa biolojia wa Duke, Sherryl Broverman, pamoja na Mukenya Rose Odhiambo wa Chuo Kikuu cha Egerton, walianzisha pale shule ya sekondari ya wabinti yenye jina WISER. Ilifungua milango mu 2010. Wabinti wanalala palepale na masomo yao yanalipiwa. Kwa miaka mingi, wanafunzi wa DukeEngage walikuwa wanaenda Muhuru Bay wakati wa likizo kusaidia.

Jambo la kuangalia ni hili: shule haikusimama juu ya mabega ya wanafunzi wa majuma 8. Walimu ni Wakenya. Mitihani ni ya Kenya. Kazi inaendelea Januari mupaka Novemba, kuwe mugeni ao kusiwe. Mwanafunzi wa Durham anaingia mu kitu chenye kinatembea tayari, anasaidia kidogo, anajifunza sana, na anaenda. Akikosa kuja mwaka mumoja, hakuna mubinti mwenye kukosa somo la hesabu.

Jambo hilo lilijaribiwa kweli. Mu 2020, COVID-19 ilisimamisha safari za wanafunzi karibu dunia nzima. Kila mahali kazi ilikuwa inategemea wageni, kazi ilikufa. Kila mahali kazi ilikuwa ya wenyeji, ilipata taabu lakini ilibakia. Hakuna muchunguzi mwenye angepanga jaribio la wazi kuliko lile.

Mashine zenye kufa mu stoo

Mufano wa pili uko karibu na maisha ya hospitali za Kongo. Mu 2001 wainjinia wawili, Robert Malkin na Mohammad Kiani, walianzisha shirika Engineering World Health. Malkin alifundisha Duke kwa miaka mingi. Shirika hilo linapeleka wanafunzi wa uinjinia katika hospitali za inchi masikini, na Tanzania ilikuwa moja kati ya inchi za kwanza.

Namna yao ni hii. Mwezi wa kwanza mwanafunzi hagusi mashine ya mugonjwa. Anakaa kwa familia ya wenyeji, anajifunza Kiswahili, na anafanya mazoezi ya kutengeneza. Mwezi wa pili anatumwa hospitalini pamoja na mwenzake. Hapo wanakuta stoo yenye kujaa: mashine za oksijeni, vipima-damu, taa za chumba cha upasuaji, vitanda vya watoto wenye kuzaliwa mbele ya wakati, vyote vimekufa.

Kila munganga wa mashariki ya Kongo anajua stoo ya namna hiyo. Mu 2011 Malkin na mwenzake Perry walitoa uchunguzi juu ya vyombo zaidi ya 112,000 vya hospitali katika inchi 16. Waliona kama asilimia 38 hivi vilikuwa havitumike. Sababu kubwa hazikuwa ukubwa wa uharibifu. Zilikuwa kukosa watu wenye kufundishwa, kukosa mupango wa kutunza vyombo, na umeme ao maji yenye kusumbua. Vyombo vingi vingeweza kurudia kazini bila kuagiza kipuri ng'ambo: fiuzi, plagi, waya, kusafisha, kusoma kitabu cha mashine.

Kama ni hivyo, mutu anaweza kuuliza: juu ya nini kungojea mwanafunzi wa Marekani kwa kubadilisha fiuzi? Ulizo ni la haki, na wenye mupango wenyewe walijiuliza vilevile. Kwa hiyo, tangu mwisho wa miaka ya 2000, walianza kufundisha mafundi wa hospitali nchini Rwanda, watu wenye kulipwa na hospitali yao, wenye kubakia. Hapo kazi ilibadilika sura. Mwanafunzi wa likizo alifungua macho juu ya shida. Fundi wa pale njo aliimaliza.

Huo ni muzani muzuri wa kupimia mupango wowote: kisha miaka 5, je, wageni wanahitajika zaidi ao wanahitajika kidogo? Kama hesabu yao inazidi kupanda kwa kazi ileile, kuko kitu hakitembei.

Wenye kupinga walisema mapema

Kulaumu safari hizi si jambo la jana. Mu mwezi wa 4 mwaka wa 1968, padri mumoja wa mawazo makali, Ivan Illich, aliitwa Chicago kuzungumuza na wanafunzi Wamarekani wenye walikuwa wanajitayarisha kuenda kujitolea Mexico. Badala ya kuwashukuru, aliwaambia wazi wasiende kusaidia. Aliwakumbusha kama hawajue luga, hawajue desturi, na kama watu wa kule hawawezi hata kuwaambia ukweli kwa sababu ya heshima na ya kuhitaji feza. Waende kama wanataka kuona, kujifunza, kupanda milima. Kusaidia, hapana. Zaidi ya miaka 50 imepita, na walimu wengi wa Marekani wanasomesha mazungumuzo yale kwa wanafunzi mbele ya kuwatuma. Wanayasoma, kisha wanapanda ndege.

Tangu pale, hatari tatu zimejulikana vizuri.

Ya kwanza ni nyumba za mayatima. Mugeni anapenda kushika mutoto mikononi; ni picha inayogusa roho. Lakini kila mahali wageni wanapenda mayatima, mayatima wanaongezeka. Watoto wengi wenye kuishi katika nyumba hizo duniani wako na baba ao mama angali muzima; umasikini njo uliwaleta pale. Mutoto anazoea mugeni mumoja, anaenda. Anazoea mwingine, anaenda. Rwanda, tangu 2012, ilianza kufunga nyumba hizo pole pole na kurudisha watoto katika familia. Australia, kwa sheria yake ya 2018 juu ya utumwa wa kisasa, ilihesabu biashara ya watoto wa nyumba za mayatima kama jambo la kupiganisha. Mu mwezi wa 12 mwaka wa 2019, Mukutano Mukuu wa Umoja wa Mataifa nao ulisema wazi juu ya hatari ya kujitolea katika nyumba hizo. Mu miji ya mashariki ya Kongo, fasi vita imeacha watoto wengi bila wazazi, habari hiyo si ya kupita juu juu.

Ya pili ni mikono isiyofundishwa katika hospitali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye kwao haruhusiwe hata kuchoma sindano, anafika hospitali ya mbali na anapewa kuzalisha mama ao kushona kidonda, kwa sababu ni mugeni na wanafikiri anajua. Mu 2010 kikundi cha wataalamu, mumoja wao muganga wa Duke mwenye alikuwa anatumika Moshi, Tanzania, kilitoa kanuni za kuongoza masafari ya masomo ya afya. Kanuni zile zinasema mwanafunzi asivuke kiasi cha masomo yake, na tena kwamba hospitali yenye kupokea inatumia saa, watu na vyombo, kwa hiyo garama hiyo ihesabiwe na ilipwe. Jambo la pili linasahauliwa mara nyingi. Munganga mumoja kwa wagonjwa mingi, akipewa wageni 4 wa kuongoza, amepoteza asubui yake. Nani anamurudishia?

Ya tatu ni picha. Mutoto wa watu anapigwa picha bila wazazi kujua, akiwa na makamasi ao bila shati, na kesho iko ku simu za watu dunia nzima. Shirika la wanafunzi na walimu wa Norvège, SAIH, mu 2017 lilitoa maagizo kwa wanafunzi wenye kusafiri: omba ruhusa, jiulize kusudi la picha, jiulize kama ungekubali wewe mwenyewe kupigwa picha namna ile. Katika kanuni zote zenye ziko, hii ni nyepesi kuliko zote, na inavunjwa kuliko zote.

Mashariki ya Kongo iko wapi katika habari hii?

Kongo ilijua wakujitolea zamani. Mu usiku wa tarehe 14 Oktoba 1960, John Kennedy, akitafuta kura, aliuliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan kama wangekubali kutumika katika inchi maskini. Kutoka ulizo lile kulizaliwa Peace Corps, tarehe 1 Machi 1961. Ilifika Zaïre mu 1970. Wazee wenye walisoma sekondari miaka ile wanakumbuka mwalimu kijana wa Kiingereza mwenye kutembea ku kinga ao ku piki. Wengine wanakumbuka vijana wenye walifundisha kuchimba vidimbwi vya kufuga tilapia. Wale hawakuja kwa majuma 8. Walikaa miaka 2, na walijifunza luga, wamoja Kiswahili, wengine Tshiluba ao Lingala. Mu mwezi wa 9 mwaka wa 1991, wakati wa uporaji, waliondolewa wote, na mupango ulifungwa.

Tangu pale, mulango haujafunguka tena. Serikali ya Marekani imekuwa ikiambia raia wake wasitembelee Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Chuo kikuu hakiwezi kutuma mutoto wa watu fasi serikali yake inakataza na asiransi inakataa kulipa. Kisha M23 kuingia Goma mwanzo wa 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, hata wenye walikuwa wanajaribu walisimama.

Kwa hiyo musaada wa namna hii unaenda fasi kuko amani tayari, hoteli na barabara. Muvuvi wa Muhuru Bay anapata, muvuvi wa Vitshumbi hapate. Si kwa sababu shida ya mumoja ni kubwa kuliko ya mwingine. Ni kwa sababu safari inapangwa kwa kuangalia usalama wa mwenye kutoka, si kwa kuangalia uhitaji wa mwenye kupokea. Chuo kikuu hakina kosa hapo; muzazi yeyote angefanya vile. Lakini inaonyesha wazi mupaka wa namna hii ya kusaidia. Haiwezi kuwa dawa ya vita wala ya serikali yenye haifanye kazi yake.

Tena watu wa mashariki wako na sababu zao za kuwa na mashaka na wageni wa kusaidia. Wakati wa Ebola ya 2018 mupaka 2020, feza na magari viliingia Beni na Butembo kwa wingi, na vijana wengi wa pale waliona kama kazi nzuri zinapewa watu wa mbali. Kisha, mu mwezi wa 9 mwaka wa 2021, tume huru ilihakikisha kama wamama na wabinti walitumiwa vibaya na watu wenye walikuja kupiganisha ugonjwa, kati yao wafanyakazi wa OMS. Wanafunzi wa likizo si watu wale. Lakini somo ni lilelile: moyo muzuri hautoshe. Fasi mugeni iko na feza na mwenyeji iko na njaa, lazima kuwe sheria, na lazima kuwe mulango wa kupigia malalamiko.

Njia ya kuenda upande mumoja tu

Turudi ku ulizo la vijana wa iniversite. Mwanafunzi wa Durham anapata ruhusa ya kuingia Kenya ao Uganda kwa simu, akiwa anakunywa kahawa. Mwanafunzi wa Bukavu mwenye kutaka kuenda Durham kujitolea kwa majuma 8, kwa mufano kusaidia wazee, ao kufundisha Kiswahili kwa watoto, anaanza na pasiporti ya bei kali, anaendelea na viza yenye kukataliwa mara nyingi, na anaishia kuonyesha akaunti ya banki yenye hana. Hakuna mutu mwenye kufikiri kama Marekani inaweza kusaidiwa na Mukongomani. Na hata hivyo, katika miji mingi ya Marekani kuko wakimbizi Wakongomani wengi wenye kuhitaji mutu wa kutafsiri, wa kusindikiza mama ku hospitali, wa kueleza watoto habari ya inchi yao. Wanafunzi Wamarekani wanajitolea kuwafundisha Kiingereza, na ni kazi nzuri. Kijana wa Uvira angefanya ingine yenye wao hawawezi.

Kuko njia zingine zenye hazipite Ulaya wala Marekani. Tangu 1987, Nigeria inatuma wataalamu wake wa kujitolea katika inchi zingine za Afrika na Karibiani. Umoja wa Afrika ulianzisha mu 2010 kikosi cha vijana wa kujitolea, kwa kutuma kijana wa inchi moja ya Afrika kutumika katika ingine. Na tangu 2022, Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Bunia mwenye kuenda Gulu, wa Bukavu mwenye kuenda Kigoma, ana luga tayari, anakula chakula kilekile, na safari yake ni ya basi ao ya mashua. Garama ya tikiti moja ya ndege ya kutoka North Carolina ingelipia vijana wengi wa namna hiyo.

Tena kuko kazi ya karibu zaidi. Iniversite za Kongo ziko na kazi tatu: kufundisha, kuchunguza, na kutumikia jamii. Ya tatu mara nyingi inabakia ku karatasi. Lakini si kila mahali. Wanafunzi wa maendeleo ya mashambani wa ISDR wanafanya staji katika vijiji. Wanafunzi wa uganga wanapelekwa katika hospitali za inje ya muji. Wanafunzi wa sheria wanaweza kueleza sheria ya udongo kwa watu wenye kugombania shamba. Hao wanajua luga, wanajua njia, na mwaka ukiisha wangali hapa. Yenye wanakosa si moyo. Ni feza ya usafiri, ni chakula cha majuma 8, ni kile chenye Duke ilimupa mwanafunzi wake masikini: mutu wa kujaza shimo la mufuko.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kusema "karibu"

Siku barabara itafunguka, barua zitakuja. Na kwa fasi zenye utulivu kidogo, pengine zimekuja tayari. Shefu wa kijiji, mukubwa wa masomo, munganga mukubwa ao mama prezida wa kikundi wako na haki ya kuuliza mbele ya kutia mukono ku barua.

Nani alichagua kazi hii? Kama mugeni amekuja na kazi imeandikwa tayari, bila mutu wa pale kuulizwa, hiyo ni kazi yake, si ya kijiji.

Anajua kufanya nini kwao? Asiyeruhusiwa kufundisha ao kutibu kule asiruhusiwe huku. Kushika fagio, kuandika hesabu ku kompyuta, kusaidia mwalimu, hiyo inawezekana.

Inakamata kazi ya nani? Kama mufundi wa kijiji anaweza kujenga ukuta na anakosa kazi, mugeni mwenye kujenga ukuta bure amemunyanganya mukate.

Nani atalipa siku za mwenyeji mwenye kumuongoza? Chakula, malazi, kutafsiri na saa za munganga viko na bei. Iandikwe mbele.

Mwaka ujao nani atakuja, na kisha miaka 5 kutakuwa nini? Chuo chenye kujibu "tutaona" kimejibu tayari.

Kukitokea kosa juu ya mutoto ao mubinti, wanapigia nani simu? Jina na namba ya mutu wa chuo, na ya mutu wa hapa, viwe ku ukuta wa ofisi, katika luga ya watu.

Na la mwisho: mutoto wetu mumoja atakuja kwenu siku gani? Pengine jibu litakuwa hapana. Lakini kuuliza kunabadilisha mazungumuzo. Mwenye kuuliza hivyo si mwombaji tena. Ni mwenzake wa masomo.

Mugeni wa majuma 8 si adui, na si mwokozi. Ni kijana mwenye kuja kujifunza. Akikuta masomo yenye kusimama, hospitali yenye mafundi wake na kamati yenye kujua inataka nini, atajifunza mengi na ataacha kidogo chenye faida. Akikuta fasi haina kitu, hata majuma 80 hayatajaza. Kazi ya kujenga kitu kile inabakia ya wenye inchi, na ya serikali yenye kukusanya kodi yao kila asubui ku soko.